Mzigo Uliopo Uonekane: Wajibu wa Mwenye Duka Bidhaa Muhimu Zinapoadimika

Hotuba kwa wafanyabiashara wa jumla na rejareja, Moshi

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa masoko na mitaa mliofika, mama zangu na kaka zangu wenye maduka, na ninyi wenye stoo za jumla mlioacha mizigo mikononi mwa vijana ili mje hapa asubuhi hii: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za kazi.

Nimeombwa kama mwanasheria nizungumzie wajibu wa mwenye duka pale bidhaa muhimu zinapoadimika. Kila mmoja wenu amewahi kuulizwa na mteja aliyesimama kaunta: "Sukari ipo?" Swali ni fupi na jibu lake ni fupi. Sheria nitakazozitaja leo ni nyingi, zimetungwa miaka tofauti na kusimamiwa na ofisi tofauti, lakini ukizifuata zote zinakuja kukutana hapo kaunta na kudai kwamba jibu hilo liwe la kweli. Mimi naomba tuende mbele kidogo: jibu hilo mteja alisome ukutani kabla hajauliza.

Mtakumbuka mwanzo wa mwaka 2024. Mvua za El Nino zilikuwa zimenyesha mfululizo tangu mwishoni mwa 2023, mashamba ya miwa yakajaa maji, viwanda vikashindwa kuvuna. Katika maeneo mengi kilo ya sukari ikapita shilingi 4,000. Januari ile Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi za jumla na za rejareja kwa mikoa mbalimbali. Sisi wa Moshi tulikuwa na uchungu wa ziada, kwa sababu kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo Arusha Chini na miwa tunaiona kwa macho, lakini mama wa Pasua au Njoro alizunguka duka hadi duka akitafuta robo kilo ya sukari ya uji wa watoto.

Upungufu ule ulikuwa wa kweli na ulianzia shambani. Atakayesema kwamba wenye maduka ndio walioumaliza mzigo wa nchi atakuwa anawaonea. Ila upungufu wa kweli una tabia ya kuzaa mwingine juu yake. Mwenye mifuko ishirini anauza mitatu na kuilaza kumi na saba, akisubiri bei ya wiki ijayo. Jirani yake akimwona, naye anafunga stoo. Mteja aliyezoea kilo moja, akibahatika kuipata, ananunua tano kwa hofu ya kesho. Baada ya siku chache mji mzima hauna sukari, ingawa mifuko imejaa nyuma ya milango. Upungufu huu wa pili hausababishwi na mvua, na ndio ambao sheria inaweza kuugusa.

Sasa niingie kwenye sheria yenyewe, na hapa mnivumilie, maana ni sehemu inayokosewa hata na watu waliosoma. Bidhaa ikiwa rafuni na bei imebandikwa, je, mwenye duka analazimika kumuuzia yeyote anayeitaka? Kwa sheria ya mikataba peke yake, jibu ni hapana. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya duka la dawa la Boots na kusema kwamba kuweka kitu rafuni ni kumkaribisha mteja; mteja ndiye anayetoa pendekezo la kununua anapokifikisha kaunta, na mwenye duka anaweza kukubali au kukataa. Mwaka 1960, katika kesi ya Fisher na Bell, mahakama ya huko ikasema hivyo hivyo kuhusu kisu kilichowekwa dirishani na bei yake. Sisi huku tulitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 hadi tulipotunga ya kwetu mwaka 1961, ambayo leo ni Sura ya 345, na msingi wake wa pendekezo na kukubali ni ule ule.

Maana yake ni kwamba siku za kawaida rafu ni yako. Unaweza kukataa kumuuzia mlevi, unaweza kumwekea mtu mzigo wake, unaweza kufunga duka saa nane ukaenda msibani. Sina ugomvi na uhuru huo. Lakini nchi nyingi ziligundua, baadhi kwa msiba mkubwa, kwamba uhuru huo ukiachwa bila mpaka wakati wa njaa, watu wanakufa huku ghala likiwa na chakula.

India ndiyo mfano mkubwa. Katika njaa ya Bengal ya mwaka 1943 walikufa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na milioni 3, na watafiti wengi wanataja uhodhi wa mchele na bei zilizopaa miongoni mwa sababu. Baada ya uhuru, mwaka 1955, Bunge lao lilitunga Sheria ya Bidhaa Muhimu. Chini ya sheria hiyo majimbo yakatoa amri zinazomtaka mfanyabiashara wa bidhaa zilizotajwa aandike ubaoni, mahali mteja anapopaona, bei zake pamoja na mzigo aliofungua nao siku ile. Anayekiuka anaweza kufungwa hadi miaka 7. Na sheria hiyo haijazeeka: Juni 2023, ngano ilipoanza kupanda bei, serikali yao iliweka kikomo cha mzigo. Muuza jumla asizidi tani 3,000, mwenye duka la rejareja asizidi tani 10 kwa kila duka, na wote waandikishe walichonacho kwenye mfumo wa serikali.

Naomba mziangalie namba hizo mbili, 3,000 na 10. Aliyeziandika alijua kwamba ghala na kioski havilingani, na kwamba anayeweza kuutikisa mji si yule mama anayepima robo na nusu. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa kuwa ndilo linaloniuma.

Kenya nao, hapo ng'ambo ya mpaka wa Holili, walitunga mwaka 2011 sheria inayompa waziri wa fedha uwezo wa kutangaza bidhaa fulani kuwa muhimu na kuiwekea bei ya juu kabisa. Tuwaache, turudi kwetu, kwa sababu hakuna aliye na historia ya jambo hili kama sisi.

Wazee mlioko hapa mnakumbuka. Mwaka 1973 Tanzania ilitunga Sheria ya Kudhibiti Bei, ikaundwa Tume ya Bei, na bei za bidhaa nyingi sana zikapangwa kutoka Dar es Salaam. Mwaka huo huo kampuni za biashara za mikoa, zile tulizoziita RTC, zikaanza kushika usambazaji. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili nafasi ichukuliwe na maduka ya ujamaa, na ikabidi Mwalimu Nyerere mwenyewe aisimamishe kwa sababu vijijini watu walibaki bila pa kununua chumvi. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaisha, viwanda vikakosa vipuri. Sabuni, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kula, dawa ya meno, khanga, vyote vikawa vitu vya kupangia foleni. Na pale pale ukastawi ulanguzi. Mtu aliambiwa sukari hakuna, kisha anaitwa pembeni. Mwingine aliuziwa sukari kwa sharti achukue na kitu kingine ambacho hakikuwa kinanunulika.

Machi 1983, Edward Sokoine, mtoto wa Monduli hapo jirani, akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, ndiye aliyesimama mbele ya vita dhidi ya wahujumu uchumi. Ikatungwa Sheria ya Uhujumu Uchumi Namba 9 ya mwaka 1983. Maelfu walikamatwa. Watu walitupa bidhaa usiku vichakani na mitoni ili zisikutwe nyumbani kwao. Kesi zilikwenda kwenye baraza maalumu ambako mshtakiwa hakuwa na dhamana, hakuwa na wakili, wala hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Mwaka uliofuata sheria hiyo ikabadilishwa na Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi Namba 13 ya 1984, iliyorudisha kesi hizo Mahakama Kuu. Sokoine alikuwa amekwisha kufariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka huo, na nchi ilimlilia kwa sababu mtu wa kawaida aliamini kwamba alikuwa upande wake.

Mimi namheshimu Sokoine, na nia yake siitilii shaka. Lakini kama mwanasheria nawaambia jinsi ninavyoiona ile sheria. Ilimngoja mtu mpaka awe mhalifu, kisha ikamshukia kwa uzito wote wa dola. Mwenye duka mwenye katoni tatu za sabuni chumbani hakuwa na namna ya kueleza kwamba ni mzigo wake wa wiki. Hakuna ubao uliosema jana alikuwa na ngapi, hakuna daftari lililoaminiwa, na hakuna wakili wa kumsemea. Aliyekuwa na ghala kweli kweli mara nyingi alikuwa na njia ya kujua msako unakuja lini. Halafu angalieni kilichojaza rafu mwishowe: katika bajeti ya Juni 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na bidhaa zikaanza kurudi madukani. Msako ulizitoa bidhaa zilizofichwa kwa muda mfupi. Mzigo mpya ndio uliomaliza foleni.

Nimekaa sana kwenye historia kwa makusudi, kwa sababu kila sukari ikipanda bei nasikia watu wakisema arudi Sokoine, wakamatwe. Mimi nataka tufike mahali ambapo hakuna haja ya kumkamata mtu, kwa kuwa mzigo unajulikana ulipo.

Leo hii, mwenye duka wa Mbuyuni au wa Soko la Kati tayari ana wajibu wa kuonyesha mambo kadhaa. Leseni ya biashara, kwa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, lazima iwe mahali inapoonekana. Cheti cha namba ya mlipakodi nacho pia. Haya mnayajua, siyakalii.

Mizani ni habari nyingine, na hapo naomba masikio. Kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, mizani inayotumika kuuzia lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na iwe na stika inayoonyesha hivyo. Bidhaa iliyofungashwa lazima ionyeshe uzito halisi. Gunia la mazao lisizidi kilo 100, na ndiyo maana lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni kosa hata kama mkulima wa vitunguu ameikubali mwenyewe. Kwa nini nayaleta haya kwenye mazungumzo ya mzigo? Kwa sababu wakati wa uhaba, bei ikibanwa, wizi unahamia kwenye kipimo. Bango linasema kilo shilingi elfu tatu, kilo yenyewe ni gramu 900. Mteja anayepimiwa robo kwenye mfuko wa nailoni hawezi kujua. Sado na kopo la sokoni, ambalo kila muuzaji analo la kwake na kitako amekigonga anavyotaka, halimwambii mteja ukweli hata kidogo. Bei isiyo na kipimo cha kweli ni bei ya uongo, hata ikiandikwa kwa herufi kubwa namna gani.

Kisha kuna kumbukumbu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu za biashara kwa miaka 5. Ukinunua mifuko mia kwa muuza jumla na yeye akatoa risiti ya mashine ya kielektroniki, mauzo hayo yamekwisha kufika Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla hujafika dukani. Kwa hiyo mzigo wako umeandikwa mahali. Anayesema "haipo" wakati risiti ya juzi inasema alipokea mifuko mia, na mauzo yake ya siku mbili ni mifuko minne, huyo hana pa kujificha akiulizwa na mtu mwenye mamlaka.

Na ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, yaani FCC. Wengi wanadhani ni sheria ya makampuni makubwa ya saruji na bia. Isomeni. Inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, na inakataza taarifa za uongo kuhusu bidhaa na bei zake. Kwa usomaji wangu, mwenye duka anayemwambia mteja kwamba sukari haipo, huku anaiweka nyuma ili auze kwa bei ya juu kesho, amempotosha mlaji, na nikiwa wakili wa huyo mteja sitasita kulisema hilo mbele ya Tume.

Kuna kifungu kingine katika sheria hiyo ambacho kinanitia hofu kwa ajili yenu. Kifungu cha 9 kinakataza makubaliano kati ya washindani ya kupanga bei au kususia kwa pamoja. Siku hizi kila mtaa una kundi la WhatsApp la wenye maduka. Ni jambo zuri, mnaarifiana juu ya noti bandia, wezi na misiba. Lakini siku mtu akiandika humo "jamani leo tusishuke chini ya elfu nne", na wengine wakajibu "sawa", hiyo ni kupanga bei. Akiandika "tusiachie mzigo mpaka Jumatatu", hiyo nayo mmekubaliana kuzuia bidhaa. Adhabu iliyowekwa na sheria hiyo ni faini inayohesabiwa kwa mauzo ya mwaka mzima, na inaweza kufika asilimia 10. Nimesema mauzo, sikusema faida. Kwa duka ambalo faida yake ni ndogo kwa kila kilo, faini ya namna hiyo inafunga mlango. Tafadhalini, mambo ya bei na ya kuachia mzigo yatoeni kwenye makundi hayo leo hii.

Mtaniuliza, na ni haki yenu: mpaka uko wapi kati ya kuweka akiba na kuhodhi? Twende na Desemba yetu. Kila mwaka watu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, mabasi yanajaa, na Rombo, Machame, Kibosho na Marangu nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinawashwa taa. Mfanyabiashara mwenye akili anaanza kujaza stoo Novemba: mchele, sukari, mafuta, soda. Mtu akipita katikati ya Novemba akakuta stoo imefika darini, huyo mwenye stoo hajakosea chochote. Anafanya kazi yake, na bila yeye Krismasi ingekuwa ngumu. Alama ya kuhodhi haipo kwenye wingi wa mifuko. Ipo kwenye kile kinachotokea mteja anapogonga mlango na fedha mkononi: unamuuzia kwa bei uliyoiandika, au unamwambia haipo? Ukimuuzia, una akiba. Ukimnyima huku unayo, unahodhi, hata kama ni mifuko mitatu.

Vivyo hivyo kwa mzigo wa mtu. Mama ntilie wa stendi ana oda yake ya kila Jumatatu na amekwisha kulipia. Mwekee. Andika jina la oda na tarehe kwenye daftari, na mfuko huo umeuzwa. Na bidhaa ikiwa kidogo kweli, unaweza kugawa: andika ukutani "kilo mbili kwa kila mteja", na iwe hivyo kwa wote, shemeji yako akiwemo. Kugawa hadharani kunatuliza watu, kwa sababu aliye nyuma kwenye foleni anaona hesabu inavyokwenda.

Na mpaka uko karibu nasi, jambo ambalo wenzetu wa Dodoma au Iringa hawalioni kwa ukaribu huu. Bei ikiwa juu upande wa pili wa Holili au Tarakea, mzigo wa Moshi unaanza kutembea usiku kwa pikipiki. Mwenye stoo anayeuza hadharani mchana kwa ubao ulioandikwa hana urahisi wa kufanya biashara hiyo, kwa sababu majirani wanajua asubuhi alikuwa na nini. Ubao unafanya kazi ambayo askari wa mpakani peke yake hawezi kuimaliza.

Wengine mtasema ubao ni jambo la kinadharia. Nendeni kwenye kituo chochote cha mafuta hapa mjini. Tangu mwaka 2009 EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inatangaza bei kikomo za mafuta, siku hizi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila kituo kinatakiwa kuwa na bango la bei linaloonekana vizuri. Kutokuwa nalo ni kosa. Dereva wa bodaboda hahitaji kumuuliza mtu, anasoma akiwa barabarani na kuamua aingie au apite. Na mwaka 2023, vituo vilipoanza kusema mafuta hakuna wakati matangi yana mafuta, EWURA ilivifungia baadhi kwa kuhodhi. Iliwezekana kwa sababu mzigo wa kituo unapimika na kumbukumbu za kushusha zipo. Mbolea ya ruzuku nayo, tangu mwaka 2022, inakwenda kwa bei iliyotangazwa na kwa mfumo unaoonyesha wakala kapewa nini na kamuuzia mkulima gani. Kama tumeweza kwa petroli na mbolea, sukari na unga vimekosa nini?

Basi ninachopendekeza kwenu, bila kungoja Bunge, ni hiki. Kila duka la rejareja liwe na ubao mmoja mlangoni wenye bidhaa chache tu: sukari, mchele, sembe, mafuta ya kula, chumvi. Mbele ya kila moja andika kipimo, bei, na neno ipo au haipo. Chaki inatosha. Ukiishiwa saa sita mchana, futa uandike haipo saa sita hiyo hiyo. Hakuna haja ya mwenye kioski kuandika ana kilo ngapi. Narudi kwenye zile namba za India: wajibu wa hesabu uwe kwa wenye stoo. Muuza jumla awe na daftari la kufungua na kufunga siku kwa bidhaa hizo hizo, mifuko iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki, na nakala ya wiki iende kwa uongozi wa soko na ofisi ya biashara ya halmashauri. Na sheria ikija kutungwa, kama nitakavyoendelea kuomba kila mahali ninapopewa nafasi, ianzie kwenye maghala. Sheria inayoanzia kwa mama wa kioski na kumwogopa mwenye ghala ni sheria ya uonevu, na tumekwisha kuiona.

Nimesikia pingamizi zenu hata kabla ya kuja. La kwanza ni wezi: nikitangaza nina mifuko mia mbili, usiku watanivunjia. Ni hofu ya kweli, na ndiyo maana nimesema hesabu ya stoo iende ofisini na isiandikwe barabarani. La pili ni kodi. Hapo sitawapamba. Kama mzigo wako unauogopa mwanga kwa sababu uliununua bila risiti, tatizo hilo lilikuwepo kabla ya ubao, na siku ya uhaba ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kukutwa nalo. La tatu nimelisikia kwa mzee mmoja anayeheshimika sana hapa sokoni: nikiandika haipo na jirani kaandika ipo, wateja wangu watahamia kwake. Ndiyo, siku hiyo watahama. Lakini mteja aliyesoma haipo yako na kukuta ni kweli, siku ukiandika ipo atakuja bila kubahatisha. Na yeye mzee huyo analijua hili kuliko mimi, kwa sababu watu wanamwachia fedha za mzigo bila hata kuandikishana.

Jambo la mwisho ni la kuwalinda ninyi wenyewe. Wakati wa uhaba hujitokeza wakaguzi wengi, wengine wa kweli, wengine matapeli wenye vesti za kung'aa. Anayefika kukagua muombe kitambulisho na umuulize anatoka ofisi gani na anatumia sheria ipi. Mheshimu, mfungulie, mwonyeshe daftari. Akichukua mali yako, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka akuandikie stakabadhi ya alichochukua. Ihesabu mifuko mbele ya shahidi kabla ya kusaini. Usisaini karatasi tupu. Usitoe fedha isiyo na namba ya malipo ya serikali. Hata kama unahisi umekosea, una haki ya kuelezwa kosa lako na ya kuwa na mtu wa kukusemea, haki ambayo wenzenu wa mwaka 1983 hawakuipata.

Mchoro wa ubao na kurasa za daftari la stoo nimemwachia katibu. Mnaweza kuchukua nakala mkitoka, na atakayehitaji kusaidiwa kuanza daftari aandike jina la duka lake kwenye karatasi iliyoko mezani, nitapita mwenyewe wiki ijayo. Sasa Mwenyekiti, naomba tuingie kwenye maswali, na kwa ruhusa yako tuanze na wenye stoo za jumla, kwa kuwa mapendekezo haya yanawagusa wao kwanza.